Tanki, mzizi wa namba hasi na simu iliyoganda: tulivyoongeza vitatuzi vya milinganyo tofautishi

Toleo jipya la maktaba yetu ndogo ya hisabati limetoka, na humo ndani kuna kitu ambacho wanafunzi wangu wamekiulizia tangu mwanzo: vitatuzi vya milinganyo tofautishi. Unaipa programu kanuni ya jinsi kitu kinavyobadilika, unaipa hali ya kuanzia, nayo inakokotoa mwenendo wake hadi muda unaoutaka na kukuchorea grafu. Yote yanafanyika ndani ya kivinjari cha simu. Ukishaifungua mara moja na ikajihifadhi, huhitaji bando tena. Msimbo uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza.

Baadhi ya walimu wenzangu wameniuliza kwa nini kazi imechukua muda mrefu hivyo, ilhali fomula za Runge na Kutta, za kukokotoa milinganyo hii hatua kwa hatua, zimo katika kila kitabu cha chuo. Swali ni la haki. Carl Runge alichapisha njia yake mwaka 1895, Karl Heun akaiendeleza mwaka 1900, na mwaka 1901 Wilhelm Kutta akatoa ile ya daraja la nne tunayoifundisha (daraja likiwa kubwa, kosa hupungua haraka zaidi hatua zikifupishwa). Fomula yenyewe unaiandika kwa mistari kumi ya msimbo na bado nafasi inabaki. Lakini fomula ni sehemu fupi kuliko zote. Sehemu ndefu ni kuifanya programu itambue ni wakati gani jibu lake haliaminiki, na ikishatambua, imwambie mtumiaji kwa maneno anayoyaelewa. Mimi nimekuja kuamini kwamba kitatuzi kisichoweza kufanya hivyo hakipaswi kukabidhiwa mwanafunzi kabisa, hata kama majibu yake ni sahihi mara nyingi.

Ninafundisha hisabati chuoni hapa Morogoro. Wanaokaa mbele yangu ni vijana wa kilimo, wa umwagiliaji, wa sayansi ya mazingira. Kompyuta mpakato wanazo wachache. Simu anayo kila mmoja, nyingine kioo kimepasuka kona hadi kona lakini inafanya kazi. Nikiwaambia wasanikishe programu kubwa, nusu ya darasa imeshaachwa nje kabla somo halijaanza. Kwa hiyo maktaba yetu imeandikwa kwa JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari kinaijua, na tumeiweka iwe nyepesi.

Hatukuanzia jangwani. Programu huria za hisabati zimekuwa na vitatuzi kwa miongo mingi, na tumezisoma kwa heshima. GNU Octave, kwa mfano, ilianza kuandikwa na John W. Eaton mwaka 1992, na wazo lake la kwanza lilikuwa kuwasaidia wanafunzi wa shahada ya kwanza waliokuwa wakisoma usanifu wa mitambo ya kemikali. Yaani milinganyo tofautishi ilikuwamo tangu mizizi, na kitatuzi chake cha zamani, `lsode`, kinatokana na kazi ya Alan Hindmarsh wa maabara ya Lawrence Livermore kule California. Maabara hiyo ndiyo iliyotupa ODEPACK, mkusanyiko wa vitatuzi kwa lugha ya Fortran. Humo kuna LSODA ya Linda Petzold na Hindmarsh, ya miaka ya mwanzo ya 1980, ambayo hubadilisha njia yenyewe ikiona tatizo limegeuka tabia. Ukitumia `odeint` ya SciPy, maktaba ya kisayansi ya lugha ya Python, leo unaiendesha LSODA. Ukitumia kifurushi cha deSolve katika R, lugha ya takwimu, kama wafanyavyo watafiti wengi wa magonjwa ya kuambukiza, ukiacha mipangilio ya kawaida unaiendesha LSODA vilevile. Msimbo wa Fortran ulioandikwa kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa bado unafanya kazi kila siku, kwa sababu uliachwa wazi na watu wakaweza kuufunga ndani ya lugha mpya.

Upande wa pili kuna programu zinazotatua kwa alama, zinazokupa fomula badala ya grafu: Maxima na amri yake ya `ode2`, SageMath ambayo kwa kazi hii huiita Maxima ndani kwa ndani, na SymPy. Kitatuzi cha SymPy, `dsolve`, sehemu kubwa yake iliandikwa mwaka 2009 na Aaron Meurer, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo, kupitia mpango wa Google Summer of Code. Huwa nawatajia vijana wangu jambo hilo makusudi. Kitu ninachokipenda zaidi humo ni amri ndogo iitwayo `checkodesol`: inachukua jibu, inalirudisha kwenye mlinganyo, na kuangalia kama pande mbili zinalingana. Programu ya alama ina bahati hiyo. Jibu lake linaweza kupimwa kwa kulibandika palepale lilipotoka.

Programu ya namba haina bahati hiyo. Inakupa orodha ya namba. Namba zile zikiwa za uongo, zinafanana kabisa na za kweli.

Chukua mlinganyo mwepesi kuliko yote, y′ = −y (y′ ni kasi ya kubadilika kwa y), uanzie y = 1, na utafute thamani ya y muda ukifika 1. Jibu la kweli ni 0.36788. Njia ya Euler, inayosogea kwa kufuata mteremko wa mwanzo wa kila hatua, kwa hatua za 0.1 inakupa 0.34868. Kosa ni karibu 0.019, na kwenye grafu ya simu huwezi kuliona vizuri. Runge–Kutta ya daraja la nne kwa hatua zilezile inakosea kwa takriban 0.0000003 tu. Mwanafunzi akiona hivyo anahitimisha kwamba daraja la nne linatosha, tusonge mbele. Lakini hatua ya 0.1 niliichagua mimi, nikijua jibu. Kwenye tatizo asilolijua jibu lake, nani atamchagulia hatua?

Hapo ndipo jozi ya Dormand na Prince ya mwaka 1980 inapoingia, na ndiyo tuliyoiweka kuwa kitatuzi chetu cha kawaida, kama ilivyo kwa `solve_ivp` ya SciPy, iliyotoka na toleo la 1.0 mwezi Oktoba 2017, na `ode45` ya Octave. Katika kila hatua njia hii inapima mteremko mara saba, kisha inatumia vipimo hivyohivyo kutoa majibu mawili, moja la daraja la tano na jingine la daraja la nne. Ni kama watunza hesabu wawili wa kikundi cha VICOBA wanaohesabu noti zilezile kila mmoja kwa utaratibu wake: wakitofautiana sana, hakuna anayeruhusiwa kuondoka mezani. Tofauti ya majibu mawili ndiyo makisio ya kosa. Ikiwa kubwa kuliko kosa linaloruhusiwa, hatua inakataliwa, inafupishwa, na kazi inarudiwa. Ikiwa ndogo, hatua inakubaliwa na ile inayofuata inarefushwa. Na kile kipimo cha saba cha mteremko hakipotei. Kinakuwa kipimo cha kwanza cha hatua inayofuata, kwa hiyo gharama halisi ni vipimo sita. Kwenye simu ya bei nafuu uchumi huo unahisika.

Kuingiza vizidishi vyake ni kazi ya uvumilivu. Jedwali lina namba kama 19372/6561 na −25360/2187, na macho huchoka. Nilimshauri mwenzangu tuliyefanya naye kazi hii tusiamini macho. Kila safu ya jedwali ina deni la kulipa: jumla yake lazima iwe sawa na sehemu ya hatua ambayo mteremko unapimwa. Safu ya pili ni 3/40 na 9/40, jumla 12/40, yaani 3/10. Safu ya tatu ni 44/45, −56/15 na 32/9. Geuza zote ziwe na asili ya 45, unapata 44 − 168 + 160, yaani 36/45, ambayo ni 4/5. Uzuri wa hesabu hizi ni kwamba unaweza kumpa mwanafunzi wa kidato cha pili kalamu na karatasi na akakuhakikishia msimbo wa kisayansi. Tulizigeuza kuwa majaribio ya kudumu. Kila mtu anapobadilisha chochote kwenye ghala letu la msimbo, jumla hizo zinakaguliwa upya.

Jaribio la pili ni la kupunguza hatua nusu. Njia ikiwa kweli ya daraja la tano, ukigawa hatua kwa mbili kosa linapungua karibu mara 32. Hili ni jaribio kali kuliko linavyoonekana. Kizidishi kimoja kikiwa na tarakimu iliyopinda, grafu bado inaweza kuvutia na mwanafunzi hatashtuka, lakini uwiano hautakuwa 32 tena. Utaporomoka kuwa 4, au 2, au hata usisogee kabisa. Ningekuwa na nafasi ya jaribio moja tu kwa kitatuzi chochote, ningechagua hili.

La tatu tulilichukua kwenye modeli ya maambukizi ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, ile ya wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na waliopona. Watu hawapungui wala hawaongezeki humo, wanahama tu kutoka kundi moja hadi jingine. Njia zote za familia ya Runge–Kutta hutunza jumla ya namna hiyo, mbali na vumbi la tarakimu za mwisho za kompyuta. Kwa hiyo jumla ikianza kuyumba katika tarakimu ya tano, usiulaumu ukubwa wa hatua. Kuna kitu kimevunjika ndani ya msimbo, nenda ukakitafute.

Majaribio yote hayo yalipita. Halafu tukawapa wanafunzi.

Kijana mmoja wa umwagiliaji aliingiza mlinganyo wa tanki la maji linalotoka kwa tundu chini, akaja ofisini ameshika simu.

"Madam, shikamoo. Simu imeganda."

"Marahaba. Umeingiza mlinganyo gani?"

"Wa tanki tu, Madam. Ule wa Torricelli."

Mlinganyo huo ni y′ = −k√y, y ikiwa kimo cha maji. Tanki lake lilikuwa na nusu kipenyo cha nusu mita, tundu lenye nusu kipenyo cha sentimita moja, maji ya kimo cha mita 1. Uwiano wa maeneo ni 0.0004, k inatoka takriban 0.00177, na kwa hesabu ya karatasi tanki linakauka baada ya sekunde 1,129 hivi, karibu dakika 19. (Kwa tundu lenye kingo kali mtiririko halisi huwa kama asilimia 60 ya huo, kwa hiyo ukipima kwa ndoo na saa utapata zaidi ya dakika 31. Kijana alikuwa amepima kweli, na ndiyo maana alitaka kulinganisha. Nilifurahi sana kuliona daftari lake.)

Kwa nini simu ilizidiwa na tanki la maji? Maji yanapokaribia kuisha, kitatuzi kinajaribu hatua inayovuka chini ya sifuri. Sasa kinatakiwa kutafuta mzizi wa pili wa namba hasi. JavaScript haipigi kelele. Inarudisha NaN, alama ya "hii si namba". NaN inaingia kwenye mteremko, inaingia kwenye majibu yote mawili, na makisio ya kosa yenyewe yanakuwa NaN.

Sasa tazama jambo linalonifanya nisisitize hivi. Sharti la kukubali hatua unaweza kuliandika kwa namna mbili zinazoonekana sawa kabisa. Kosa hapa limeshagawanywa kwa kosa linaloruhusiwa, kwa hiyo mpaka ni 1. Ya kwanza: kosa likiwa dogo kuliko 1 au sawa nalo, kubali, vinginevyo kataa. Ya pili: kosa likizidi 1, kataa; vinginevyo kubali. Kwa namba yoyote halali haya ni mamoja. Lakini ulinganisho wowote wa ukubwa unaohusisha NaN hujibiwa "si kweli". Kwa namna ya kwanza hatua inakataliwa, urefu wa hatua mpya unakokotolewa kutokana na NaN na wenyewe unakuwa NaN, muda hausogei, kitanzi kinazunguka milele na simu inaganda. Kwa namna ya pili hatua inakubaliwa, NaN inaandikwa kama jibu, muda unakuwa NaN, sharti la kuendelea linajibiwa "si kweli", na programu inamaliza kimya kimya kana kwamba kazi imekwisha salama. Grafu inakatika mahali fulani na hakuna anayeambiwa kwa nini.

Ukiniuliza ipi mbaya zaidi, nitasema ya pili, bila kusita. Simu iliyoganda ilimleta kijana ofisini kwangu. Grafu iliyokatika kimya ingeishia kwenye ripoti yake.

Suluhisho tuliloweka ni kuitazama NaN waziwazi, kabla ya ulinganisho wowote. Ikitokea, hatua inakataliwa na kukatwa nusu, tunajaribu tena karibu zaidi. Hatua ikipungua hadi haiwezi tena kuusogeza muda, kitatuzi kinasimama na kurudisha kila kilichokokotolewa salama hadi hapo, pamoja na ujumbe: "Nimesimama karibu na t = 1129. Kanuni yako haitoi namba halali baada ya hapo. Angalia kama kuna mzizi wa namba hasi au mgawanyo kwa sifuri." Tulibishana juu ya maneno ya ujumbe huo kuliko tulivyobishana juu ya vizidishi. Mwenzangu alitaka uwe mfupi. Mimi nilitaka mwanafunzi akiusoma ajue pa kwenda kuangalia. Ulibaki mrefu.

Na hisabati yenyewe inastahili kusemwa, kwa sababu kosa hapa halikuwa la programu peke yake. Kwenye kimo cha sifuri mlinganyo wa Torricelli una tabia ya pekee: ukikuta tanki tupu, huwezi kurudi nyuma na kusema lilikauka saa ngapi. Mienendo mingi tofauti ya zamani inaishia kwenye utupu uleule. Nadharia inayotuhakikishia kwamba jibu ni moja tu inadai mteremko usibadilike ghafla kupita kiasi, na √y karibu na sifuri inavunja sharti hilo. Kwa hiyo kitatuzi kinapositasita pale, kinasitasita mahali ambapo hata nadharia inasita. Somo lile la nadharia ambalo darasa husinzia, wiki iliyofuata nililifundisha kwa tanki la kijana huyu, na maswali hayakuisha hadi kengele.

Tanki hilohilo ndilo lililotufanya tuongeze utambuzi wa matukio. Mtumiaji anaweza sasa kusema: simama kimo kikifika milimita moja. Baada ya kila hatua programu inaangalia kama kipimo kimevuka mpaka, na kikiwa kimevuka, inaurudia muda wa katikati kwa kuugawa nusu kwa nusu hadi iupate wakati wenyewe. Kwa tanki letu inasimama kwenye sekunde 1,093. Milimita ya mwisho pekee ingechukua sekunde nyingine 36, jambo ambalo vijana hawakuliamini mpaka walipoliona kwenye fomula. Kwa watu wa umwagiliaji matukio ndiyo kila kitu: pampu inawaka maji yakishuka hapa, inazima yakipanda pale.

Kuutafuta wakati wa katikati kunadai ujue thamani kati ya hatua mbili, na jozi ya Dormand na Prince ina polinomia ya kukadiria katikati isiyodai kipimo kipya cha mteremko. Faida yake nyingine ni grafu. Kitatuzi kizuri kinaruka hatua ndefu mahali palipotulia, na ukiunganisha nukta zake kwa mistari iliyonyooka unapata mchoro wenye pembe kama bati lililokunjwa vibaya. Kwa polinomia hiyo mchoro unalainika bila kuongeza gharama.

Kuna uamuzi mmoja unaoonekana mdogo uliotugharimu mjadala mkubwa: mpangilio wa vitu ndani ya mabano. Mtumiaji akiandika kanuni yake, aanze na muda au na hali? `lsode` ya Octave inataka hali kwanza, muda baadaye. `odeint` ya SciPy ilirithi mpangilio huo. `solve_ivp`, ndani ya SciPy ileile, inataka muda kwanza, na baadaye `odeint` ikaongezewa swichi ya kuugeuza. Mwanafunzi anayehama kati ya hizo akisahau, programu haimkatazi. Inakokotoa tu kitu kingine. Tumechagua muda kwanza, kama vitabu vinavyoandika f(t, y), na tumeliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo, pamoja na mfano.

Kosa linaloruhusiwa nalo lilihitaji msimamo. `solve_ivp` ikiachwa na mipangilio yake inaruhusu kosa la sehemu moja katika elfu kwa kila hatua, pamoja na sakafu ya 0.000001. Kwa grafu inatosha. Sisi tumekaza hadi sehemu moja katika milioni, kwa sababu wanafunzi wetu wananakili namba kwenye madaftari na kuzilinganisha na jibu la karatasi, na hatukutaka wabaki wakijiuliza nani kakosea. Gharama inaongezeka, lakini kwa njia ya daraja la tano haiongezeki sana: kupunguza kosa mara elfu kunadai hatua kama mara nne hivi.

Kilichobaki ni kigumu, na sitaki mtu apakue toleo hili akidhani kimefanyika. Hatuna bado kitatuzi cha milinganyo mikakamavu, ile yenye mambo ya haraka mno na ya polepole mno kwa pamoja. Chukua y′ = −1000y. Jibu lake limezimika kabla hujapepesa jicho, na kwa akili ya kawaida kitatuzi kingeruka hatua ndefu baada ya hapo. Hakiwezi. Jozi ya Dormand na Prince inabaki salama tu ikiwa hatua haizidi takriban 0.0033, vinginevyo namba zinalipuka. Kufika muda wa 10 kunadai hatua zipatazo 3,000 za kufuatilia kitu kilichokwisha kufa. Njia ya Euler ya kurudi nyuma, ambayo kwa mlinganyo huu inagawa kwa 1 + 1000 mara urefu wa hatua, haina kikomo hicho. Lakini mlinganyo ukiwa wa kujipinda (usio wa mstari), kila hatua yake inadai utatue mlinganyo mwingine ndani yake, na hapo unahitaji matriksi ya Jacobi (jedwali la jinsi kila kasi inavyobadilika kila kimoja cha vitu kikibadilika) na njia ya Newton (ya kulikaribia jibu kwa kurudiarudia). Curtiss na Hirschfelder walilieleza tatizo hili mwaka 1952. Germund Dahlquist mwaka 1963 alithibitisha kwamba njia za hatua nyingi za mstari, zinazotumia hatua kadhaa zilizopita kupata inayofuata, zikitakiwa ziwe salama kwa kila hatua ya namna hii, haziwezi kuvuka daraja la pili. Si uzembe wa watunga programu. Ni mpaka wa hisabati.

Kwa sasa tumeweka onyo. Wazo si letu. Msimbo wa Fortran wa Hairer na Wanner wa Chuo Kikuu cha Geneva, DOPRI5, una kipimo kidogo kinachokisia kama hatua inabanwa na usalama badala ya usahihi, na kikibaini hivyo mara nyingi mfululizo unamwambia mtumiaji kwamba tatizo linaonekana kuwa kakamavu kuanzia mahali fulani. Nilipoukuta mstari huo ndani ya msimbo nilisimama nikausoma upya. Watu waliojua njia yao vizuri kiasi hicho waliifundisha kusema kwamba kazi hii imeizidi. Kwetu ujumbe unasema: "Mlinganyo huu unaonekana kuwa mkakamavu kuanzia t = …; utachukua muda mrefu, na kitatuzi hiki sicho kinachoufaa." Kisha tunampa majina ya programu huria zinazoufaa, SciPy na njia zake za Radau na BDF, au Octave na `ode15s`. Sioni aibu kumpeleka mwanafunzi kwa jirani.

Kwa toleo lijalo tunaelekea kwenye njia za Rosenbrock. Zinahitaji matriksi ya Jacobi lakini hazihitaji marudio ya Newton. Kila hatua ni kutatua mifumo michache ya mstari na basi, na kwa milinganyo mitatu au minne simu inamudu bila shida. Matriksi tutaikisia kwa tofauti ndogo, ili mwanafunzi asilazimike kuiandika. Wanaotaka kusaidia, tunachohitaji sasa ni matatizo yenye majibu yaliyopimwa: matanki, mabwawa ya samaki, joto la ghala la mahindi, chochote ambacho mtu amekaa na saa na daftari akakiandika.

Jaribio la kwanza la kitatuzi hicho kipya limeshaandikwa: mfumo wa kemikali wa Robertson wa mwaka 1966, milinganyo mitatu ambayo kasi zake zinaanzia 0.04 hadi 30,000,000, na jumla ya vitu vitatu inabaki 1 muda wote. Limo kwenye ghala la msimbo, na kila tukikagua linatoa alama nyekundu, yaani halijapita. Likigeuka kijani tutatoa toleo.